Sijambo, Ila

Sisi watu wa Moa, kama walivyo watu wengi wa pwani hii ya kaskazini ya Tanga mpaka kuvuka Jasini na kuingia Vanga, hatuna desturi ya kusema tunaumwa katika sentensi ya kwanza. Mtu anaweza kuwa amekesha akigaagaa kitandani, lakini asubuhi ukimpitia barazani kwake na kumuuliza hujambo, atakujibu sijambo. Habari za tangu jana? Njema. Za nyumbani? Njema. Watoto? Hawajambo. Hapo mgeni asiyetujua huona mazungumzo yamekwisha, akashika njia yake. Mwenyeji hukaa. Hujua kwamba baada ya salamu ya tatu au ya nne litafuata neno moja dogo, nalo ni "ila". "Hatujambo, ila huu mguu." "Njema, ila tangu juzi usingizi sipati." Ugonjwa wetu umo ndani ya hiyo ila, na yote yaliyotangulia ni ukumbi wa kuingilia tu. Lugha yenyewe inajua hivyo, maana ila kwa Kiswahili ni kiungo cha maneno, na ila ni kasoro vilevile.

Nimeanza na salamu kwa sababu nimekaa miaka mingi kwenye mabenchi ya zahanati na hospitali, na mara nyingi si kwa ugonjwa wangu bali kwa kusindikiza. Mwalimu wa kijiji ana kazi nyingi zisizoandikwa katika barua yake ya ajira. Huandika barua za watu, husoma hati za mashamba, na mtu akipewa karatasi ya dawa asiyoielewa humpelekea mwalimu. Yapo madaftari ya wagonjwa niliyoyasoma kwa makini kuliko madaftari ya wanafunzi wangu. Kutoka huko kwenye mabenchi nimepata maoni fulani kuhusu namna mgonjwa anavyopokelewa, nami nayatoa hapa kama maoni ya mtu aliyekuwa nje ya mlango, si ya mtaalamu.

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha uchunguzi wa mazungumzo 74 ya daktari na mgonjwa, mazungumzo waliyoyanasa kwenye kanda. Walitaka kujua jambo moja dogo: mgonjwa akiulizwa shida yake, huachwa aseme kwa muda gani kabla daktari hajamkatiza? Wastani ulikuwa sekunde 18. Waliofanikiwa kumaliza walichokuja kusema walikuwa wagonjwa 23 katika kila 100. Niliposoma habari hiyo nilichukua saa yangu ya mkononi nikajipima mwenyewe kwa salamu zetu, taratibu, kama tunavyosalimiana barazani. Sekunde 18 ziliniishia kwenye habari za watoto. Ila ilikuwa bado iko mbali.

Huko ni Marekani, msomaji atasema, kwa watu wa haraka. Naam, lakini nao wana faida ya kuanza na ugonjwa moja kwa moja. Mtu wa Moa akikatizwa kwenye sekunde ya 18 hakatizwi katikati ya maelezo yake. Anakatizwa kabla hajaanza.

Nilikuwa na mjomba, ndugu wa mama yangu wa tumbo moja. Alikuwa nahodha, mtu wa jarife na dau, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka majini mpaka pwani. Kati ya mwaka 1995 na 1996 nilimsindikiza mara nne kwenye zahanati moja ambayo sina haja ya kuitaja. Daftari lake ninalo mpaka leo. Ukurasa wa kwanza una tarehe, neno moja la Kiingereza lenye maana ya kichwa kuuma, na dawa ya kutuliza maumivu. Ukurasa wa pili ni kichwa tena, na safari hii dawa ya malaria juu yake. Wa tatu ni kichwa na uchovu wa mwili. Wa nne, mwandiko umekuwa wa haraka zaidi, ni kichwa.

Chumba chenyewe nilikiona mlango ukiwa wazi, na ulikuwa wazi siku zote, kwa ajili ya hewa. Benchi letu lilikuwa limeegemezwa ukutani hatua mbili kutoka mlangoni, hivyo kila lililosemwa ndani sisi wa nje tulilisikia, hata kama hatukutaka. Ndani palikuwa na tabibu mezani, kijana anayeweza kuzaliwa na mjomba. Pembeni alikaa binti wa kuandika majina kwenye rejista. Binti huyo alikuwa wa jirani yetu, na nyumbani alikuwa akimwamkia mjomba wangu shikamoo babu. Tabibu hakuinua uso. Aliuliza, "Unaumwa nini, mzee?" Nikamsikia mjomba akijibu kwa sauti ndogo ambayo sikuijua: "Kichwa."

Kichwa ndicho kiungo chenye adabu kuliko vyote. Unaweza kukitaja mbele ya binti, mbele ya mkwe, mbele ya imamu. Hakuna anayecheka wala kuinamisha macho. Nimekuja kuamini kwamba vichwa vingi vilivyoandikwa katika rejista za pwani hii si vichwa.

Usiku mmoja wa kaskazi ya mwaka 1997 mkaza mjomba alinigongea. Mjomba alikuwa anatapika, tumbo limekaza, na amejikunja akishika kinena kwa mikono miwili. Wakati huo barabara ya kutoka Tanga kwenda Horohoro ilikuwa bado ya vumbi na mashimo, na kutoka kwetu kuifikia ni safari nyingine. Tulipata gari la mfanyabiashara wa samaki karibu na saa nane. Tukafika mjini kunapambazuka. Walimpasua asubuhi ile ile, nami sina neno la lawama kwa waliompasua. Daktari alitoka akanieleza kwa upole kwamba ilikuwa ngiri, kwamba utumbo ulikuwa umeshuka ukabanwa, ukakosa damu, na sehemu yake ilikuwa imekwisha kufa. Akaniuliza alikuwa na uvimbe ule tangu lini. Sikuwa na jibu, maana mpwa hamuulizi mjomba wake habari za sehemu hizo. Mkaza mjomba, aliyekuwa amekaa sakafuni kwenye ukumbi, ndiye aliyejibu. Miaka sita. Mwenyewe alidhani ni busha, akasema ni maradhi ya wanaume wa pwani, atakwenda nalo.

Mjomba alifariki siku ya tatu.

Baada ya hitima, wazee wamekaa mkekani, mmoja wao aliyekwisha kusikia habari yote alitikisa kichwa akasema ile methali ya mficha maradhi. Wengine wakaitikia. Ni methali ya zamani na inasemwa kwa nia njema, lakini mimi siku ile ilinichoma na sijapatana nayo tena. Kwa sababu inamtwisha marehemu mzigo wote. Mtu anayeficha maradhi hukaa nyumbani. Mjomba wangu alivaa kanzu safi mara nne, akatembea mpaka zahanati, akakaa foleni tangu asubuhi, akayabeba maradhi yake mpaka mbele ya meza ya tabibu. Mara zote nne aliyafikisha. Palikosekana pa kuyatua.

Ngiri ikishajulikana mapema ni upasuaji wa kawaida, nao ni wa siku nyingi. Hakikukosekana kisu, wala elimu, wala dawa. Kilichokosekana ni mlango uliofungwa na mtu wa kusema, "Mzee, na kingine?"

Labda niseme machache juu ya hilo busha, maana msomaji wa bara anaweza kuona aibu yetu ni ya kitoto. Busha ni maji yanayojaa katika mfuko wa korodani, na huku pwani chanzo chake kikubwa ni minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Kwa vizazi kadhaa lilikuwa jambo la kawaida kwa wanaume wazima wa pwani hii kiasi kwamba lilipata utani wake, na utani ndio uliolifungia ndani. Mwenye busha hutaniwa barazani na hucheka pamoja na wengine. Kisha hakwendi kuoga mtoni wakati wenzake wapo, huacha kupanda mnazi, na kijana hukawia kuoa bila kusema sababu. Mpango wa taifa wa kugawa dawa za kuzuia matende na mabusha ulianzia Mafia mwaka 2000, nao ukafika kwetu Tanga mwaka 2004. Watu walipewa ivamektini na albendazoli mara moja kwa mwaka, na maambukizi yalipungua sana. Lakini dawa ile huua watoto wa minyoo walio katika damu. Busha lililokwisha kujaa linataka kupasuliwa, na ili lipasuliwe lazima mwenyewe alitaje.

Kuna jambo moja la ajabu katika ugonjwa huu. Watoto wa minyoo hao hujitokeza kwa wingi katika damu usiku, na mchana hujificha. Kwa hiyo kwa miaka mingi waliotaka kuupima walilazimika kwenda vijijini usiku, saa nne, saa tano, wakawasha taa na kutoboa watu vidole. Ugonjwa ndio uliopanga saa ya miadi, na wataalamu wakatii. Sijui kwa nini ilikuwa rahisi kutii desturi ya mnyoo kuliko desturi ya mzee.

Upande wa kinamama tunayo habari iliyopimwa vizuri, tena hapa hapa mkoani kwetu. Mwaka 2011 na 2012 watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani walifanya kazi Korogwe na Muheza, wakitaka kujua wanawake hutendewaje wanapojifungua katika vituo. Mradi waliupa jina la Staha. Waliwahoji wanawake 1,779 walipokuwa wanaondoka kituoni na vichanga vyao. Kati ya kila 100, kama 19 walisema walitendewa jambo la kuvunja heshima: kukaripiwa, kuachwa peke yao wakiita, wengine kupigwa kofi au kufinywa. Baadaye, kati ya wiki ya tano na ya kumi, wanawake 593 miongoni mwao walihojiwa tena, safari hii nyumbani kwao. Hapo waliosema hivyo walikuwa 28 katika kila 100.

Tarakimu hizo mbili zimenishughulisha kuliko zote. Yaliyowapata hayakubadilika katika wiki hizo. Mwanamke ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali alipokaa wakati wa kusema. Kwenye ngazi za kituo, muuguzi anapita, kitenge hakijakauka, gari la kurudia nyumbani linapiga honi, anasema njema. Mkekani kwake, mtoto amelala, mtu amekaa chini akimsikiliza, inakuja ila.

Kwa hiyo ninaposikia heshima kwa mgonjwa ikizungumzwa kama pambo, kama maua ya plastiki kwenye meza ya mapokezi, naona jambo halijaeleweka. Heshima ni chombo cha kupimia, sawasawa na darubini. Daktari asiye na darubini haoni vijidudu. Daktari asiye na staha hasikii ugonjwa, kisha hupima kwa bidii kitu alichoambiwa badala yake.

Nikiwaeleza haya matabibu ninaowafahamu, na baadhi yao nimewafundisha kusoma na kuandika, jibu lao huwa moja: Mwalimu, muda hatuna. Hawasemi uongo. Nimeona asubuhi tabibu mmoja, muuguzi mmoja, na watu wamejaa mpaka chini ya mwembe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya habari za nchi nyingi, ulionyesha kwamba muda wa mgonjwa na daktari unatofautiana kutoka sekunde 48 kule Bangladesh hadi dakika 22 na nusu kule Sweden. Sitarajii Sweden Mkinga. Lakini ule ubishi wa muda una jibu lake. Katika hospitali moja ya Basel, Uswisi, madaktari waliambiwa wamwache mgonjwa aseme mpaka anyamaze mwenyewe, nao wapime kwa siri. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Wagonjwa walikuwa 335. Wastani wa maneno yao ulikuwa sekunde 92, na zaidi ya robo tatu yao walimaliza katika dakika mbili. Hebu tuwaongezee watu wa Moa dakika moja ya salamu. Ni dakika tatu. Ziara nne za mjomba wangu, pamoja na foleni, zilikula siku nne za kazi yake, na kila moja ilichukua muda wa tabibu, wino, na dawa za serikali kwa ugonjwa usiokuwepo.

Tena si kusikia tu, kuna na kuulizwa. Mkaza mjomba, ambaye aliishi miaka mingi baada ya mumewe, alipata ugonjwa wa sukari. Aliandikiwa vidonge, kutwa mara tatu, akaambiwa ameelewa? Akasema ndiyo, daktari. Hii "ndiyo" ya mama wa pwani inataka tafsiri. Maana yake ni nimekusikia na sina nia ya kukuvunjia heshima. Haina maana kwamba nitafanya. Ramadhani ikaingia. Mama akafunga, kama alivyofunga tangu utotoni. Vidonge ni vitatu kwa siku na siku yake ilikuwa na futari na daku tu, basi akavimeza vyote vitatu wakati wa futari. Usiku wa kumi na mbili wa mfungo alianguka ukutani chooni, jasho linamtoka, hajui alipo. Mjukuu wake alimnywesha maji ya sukari akazinduka.

Aliyemtibu baada ya hapo alikuwa tabibu mwanamke aliyehamia kutoka bara, Mkristo, asiyejua neno la Kidigo. Nilikuwepo, safari hii nimeitwa ndani. Aliinuka kidogo kwenye kiti akasema shikamoo mama, akangoja marahaba mpaka ikafika. Akaweka kalamu chini. Akamuuliza: mama, wewe mwenyewe unadhani ni nini kilichokuangusha? Mkaza mjomba alinitazama, kisha akatazama mlango, kisha akasema kwamba kuna mtu alifukia kitu kwenye kizingiti chake. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Tabibu hakucheka. Alisema hilo la kizingiti yeye hana ujuzi nalo, watalitazama wenyewe nyumbani, lakini je, siku hiyo alikula nini, na vidonge alimeza saa ngapi? Ndipo yote yakatoka, futari, vidonge vitatu, na tena la miguu kuwaka moto usiku, ambalo hakuwahi kumwambia mtu kwa kudhani ni dalili ya hicho kilichofukiwa. Tabibu akampangia dawa kwa saa za mtu anayefunga, akamweleza ni wakati gani afungue hata jua likiwa juu, na akamwambia sheikh wake aulizwe, maana mgonjwa ana ruhusa.

Swali lile la "unadhani ni nini" silo ubunifu wa tabibu yule, ingawa sidhani alilipata vitabuni. Mwaka 1978 Arthur Kleinman na wenzake wa Marekani waliandika kwamba kila mgonjwa huja na maelezo yake mwenyewe ya ugonjwa, na daktari asiyeyauliza atatibu kitu kimoja huku mgonjwa akiugua kingine. Huku kwetu mfano mkubwa ni degedege. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo, ambao maandishi yao yalitoka mwaka 1996, walikuta wazazi wengi wanajua vizuri kwamba homa ya kawaida inatibiwa hospitali. Mtoto akianza kutupa mikono na kugeuza macho, hiyo si homa tena, ni degedege, na sindano humwua mtoto wa degedege. Kwa hiyo malaria ilipofika penye hatari ndipo mtoto alipogeuzwa njia, akapelekwa kwa mganga. Akichelewa kuletwa hospitali, akafia mikononi baada ya sindano, imani inapata ushahidi mpya. Muuguzi anayemfokea mama kwa nini umechelewa hamfundishi chochote. Anamthibitishia tu kwamba mambo kama haya hayasemwi pale.

Kwa nini mganga huambiwa? Watu husema kwa sababu ya ushirikina. Mimi naona sababu ni ndogo zaidi kuliko hiyo. Mganga anauliza wewe ni mtoto wa nani. Anakukalisha kwenye mkeka ule ule anaokalia yeye, na jamaa aliyekusindikiza anakaa pia. Anakupa muda wa ila yako, na wakati mwingine anaitaja kabla yako. Sisemi kwamba anachojibu ni kweli. Nimewajua waganga wasikivu sana na waongo vilevile. Lakini nusu ya kwanza ya kazi wanaijua, na si haramu kujifunza nusu.

Nirudi kwenye Staha, maana haikuishia kwenye kuhesabu. Kule Korogwe wanakijiji, viongozi na wahudumu wa afya walikaa pamoja wakaandika upya mkataba wa huduma kwa mteja kwa maneno yao, kila upande ukisema unataka nini kwa mwingine. Hospitali nayo ikafanya mambo yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba wanawake wa Korogwe waliosema wametendewa vibaya walipungua sana, wakilinganishwa na wa Muheza ambako hayo hayakufanyika. Na ukisoma ni mambo gani, unashangaa kwa udogo wake. Mojawapo ni mapazia. Jingine ni chai kwa wahudumu walio zamu.

Hiyo chai naipenda. Aliyeifikiria alikuwa amekaa na kuwasikiliza wauguzi pia, akangoja mpaka ila yao ikatoka. Muuguzi aliyesimama tangu usiku, hajatia kitu tumboni, mshahara umechelewa, sindano zimekwisha na lawama zote zinamwangukia yeye, utamwambia awe mpole kwa kutumia nini? Sijaona mtu anayefokewa na wakubwa wake asubuhi akawa mpole kwa wadogo mchana.

Siku hizi hospitali nyingine zimeweka kompyuta mezani kwa daktari, na kumbukumbu hazipotei kama zilivyopotea enzi za madaftari ya kununua dukani. Ni jambo jema. Ila, na hii ni ila yangu mimi, nimemsindikiza mtu mwaka juzi, daktari akauliza maswali yote vizuri, kwa mpangilio, huku ameutazama ukuta wa kioo. Mgonjwa wangu alijibu yote. Tulipokuwa njiani kurudi akaniambia jambo ambalo halikuulizwa.

Hapa kijijini tumelizungumza suala hili katika kikao cha afya. Nilipewa nafasi nikasema mambo matatu tu, kwa sababu saa ilikuwa imekwenda. La kwanza, benchi liondolewe mlangoni lipelekwe chini ya mwembe, hatua ishirini. La pili, anayeandika majina asiwe ndani mgonjwa anapojieleza, na kama ni mtoto wa kijiji hiki hiki, sababu ni kubwa zaidi. La tatu, pazia. Mwenyekiti aliuliza fedha za pazia zitatoka fungu gani. Kinamama waliokuwa nyuma wakanong'onezana, kisha mmoja akasimama akasema watatoa doti mbili za kanga, zishonwe. Mzee mmoja mvuvi akauliza kama mlango utakuwa unafungwa kwa ndani, na watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Tabibu alijibu kwamba komeo limevunjika tangu mwaka jana. Adhana ya alasiri ikatukuta hapo. Benchi lilihamishwa siku iliyofuata na vijana wawili, kanga zilishonwa wiki ile, na suala la komeo likaandikwa katika kumbukumbu za kikao ili lijadiliwe mwezi unaofuata.